SOMA BETRI KABLA YA KUINUNUA

Ndugu msomaji, hebu angalia ndani ya nyumba yako usiku. Tochi imening'inia ukutani. Redio iko mezani. Simu inachajiwa kwenye kona. Mtoto anasoma kwa taa ndogo ya sola. Vitu vyote hivyo vinne vinatumia betri.

Zamani hofu yetu kubwa ya moto ilikuwa koroboi. Koroboi ikianguka, tandiko liliungua na nyumba ya nyasi iliteketea. Leo koroboi zimepungua, na hilo ni jambo jema. Lakini tusidhani kwamba hatari ya moto imekwisha. Betri mbaya inaweza kuchoma nyumba. Betri nzuri ikitumiwa vibaya nayo inaweza kuchoma nyumba.

Hapa Nkololo, baada ya kuuza pamba, watu wengi hununua tochi, redio na vifaa vya sola. Mnadani vitu vimetandazwa chini kwenye turubai. Bei ni ya chini. Muuzaji ana kipaza sauti na maneno matamu. Mnunuzi afanye nini? Jibu letu ni moja: asome. Kila betri imeandikwa. Mtu aliyejua kusoma asinunue kwa macho ya mtu asiyejua kusoma.

BETRI NI NINI?

Betri ni ghala. Ghala la mahindi huhifadhi chakula. Betri huhifadhi nguvu ya umeme. Ndani yake mna madini na dawa za kemikali. Dawa hizo zikifanya kazi pamoja, umeme hutoka. Mtu wa kwanza kutengeneza betri alikuwa Alessandro Volta, wa nchi ya Italia, mwaka 1800. Kipimo cha nguvu ya umeme kinaitwa volti kwa heshima ya jina lake.

Juu ya betri utaona namba na herufi. Usiogope. Fikiria tanki la maji. Tanki likiwekwa juu sana, maji husukumwa kwa nguvu. Huo msukumo ni kama volti, na alama yake ni herufi V. Ukubwa wa tanki ni jambo jingine. Tanki kubwa hutoa maji kwa muda mrefu. Ukubwa huo kwenye betri huandikwa kwa herufi Ah, au mAh kwa betri ndogo. Ah 1 ni sawa na mAh 1,000.

Kwa hiyo kumbuka: V ni msukumo, Ah na mAh ni wingi. Kifaa kinachotaka V 3 usikipe V 12. Kitaungua.

BETRI ZA TOCHI NA REDIO

Hizi tunazijua siku nyingi. Wengine huziita mawe ya tochi. Kubwa imeandikwa R20 au D. Ndogo imeandikwa R6 au AA. Kila moja ina V 1.5.

Betri hizi zimetusaidia sana katika kisomo. Mwaka 1973 ilipofanyika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi wakisikiliza masomo kwenye redio. Vijiji vingi havikuwa na umeme. Redio ilisema kwa sababu ya betri.

Unaponunua betri hizi, angalia mambo manne.

Kwanza, soma jina herufi kwa herufi. Watengenezaji wa bidhaa bandia hupenda kuiga jina linalojulikana. Hubadilisha herufi moja tu. Tuseme jina la kweli ni SONY. Kwenye betri bandia unaweza kukuta SQNY. Mtu anayetazama rangi tu atadanganyika. Anayesoma hatadanganyika.

Pili, tafuta tarehe. Ukiona 06-2028, maana yake itumike kabla ya mwezi wa 6 mwaka 2028 kwisha. Kama tarehe imepita au imefutwa, rudisha.

Tatu, ishike mkononi. Ganda lisiwe na kutu, unyevu wala unga mweupe. Hizo ni dalili kwamba inavuja.

Nne, uliza alama ya ubora ya TBS. Shirika la Viwango Tanzania liliundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Kazi yake ni kupima ubora wa bidhaa.

Watu husema, "Betri za bei ya chini ndizo za mwananchi." Hebu tupige hesabu. Tuseme jozi moja ya betri dhaifu ni shilingi 800, na inakaa wiki moja. Mwaka una wiki 52. Utatumia shilingi 41,600. Tuseme jozi ya betri imara ni shilingi 1,400, na inakaa wiki tatu. Kwa mwaka utanunua jozi 18. Utatumia shilingi 25,200. Ni nani hapo aliyenunua kwa bei ya chini?

Sasa matumizi. Weka alama ya + na alama ya - mahali pake. Usichanganye betri mpya na iliyochoka. Ile mpya huilazimisha ile iliyochoka kufanya kazi isiyoiweza, nayo huvuja na kuharibu redio. Kama redio haitumiki kwa muda mrefu, toa betri.

Tuna desturi ya kuanika betri juani, kuzipasha karibu na moto, au kuzibana kwa meno ili zipate nguvu tena. Ni kweli redio inaweza kusema kidogo. Lakini betri inapasuka ndani na dawa inavuja. Kubana kwa meno ni kuonja sumu. Na usizichaji betri hizi, maana hazikutengenezwa kuchajiwa. Zinaweza kupasuka.

BETRI ZA KUCHAJI ZA LITHIAMU

Betri za simu, za tochi nyingi za kuchaji na za taa nyingi ndogo za sola ni za lithiamu. Zilianza kuuzwa mwaka 1991. Ni ndogo, nyepesi na zina nguvu nyingi. Mwaka 2019 wataalamu watatu walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi ya kuzibuni.

Nguvu nyingi katika ganda dogo ni jambo la kuangaliwa. Ndani ya betri hii mna karatasi mbili nyembamba za madini. Kati yake pana utando mwembamba sana unaozitenganisha. Pia mna majimaji yanayoshika moto. Utando ukitoboka, zile karatasi hugusana. Betri hupata joto. Joto hilo huharibu sehemu nyingine, nayo huzaa joto zaidi. Kwa muda mfupi betri huvimba, hutoa moshi, kisha hulipuka kwa moto.

Je, hili hutokea kwa bidhaa mbovu tu? Hapana. Mwaka 2016 kampuni kubwa ya Samsung ililazimika kurudisha simu zake za Galaxy Note 7 zipatazo milioni 2.5, kwa sababu betri za baadhi yake zilikuwa zikishika moto. Kiwanda kikubwa chenye wapimaji kilipatwa. Je, betri isiyo na jina wala mwenyewe itakuwaje?

Jambo hili linawahusu pia vijana wanaovuta sigara za umeme. Ndani ya sigara hizo mna betri ya lithiamu. Mwezi Mei 2018, katika jimbo la Florida nchini Marekani, mtu mmoja alikufa baada ya sigara yake ya umeme kulipuka. Vipande vyake vilimwingia kichwani. Betri ikilipuka mezani, utakimbia. Ikilipuka mdomoni, utakimbilia wapi? Tena nyingi za sigara hizo zina nikotini, ile ile dawa ya tumbaku inayomfanya mtu ashindwe kuacha. Kijana akiuliza sigara gani ya umeme ni salama, mshauri asianze kabisa.

NAMBA KUBWA ISIKUDANGANYE

Fungua tochi ya kuchaji. Mara nyingi utakuta betri ya duara iliyoandikwa 18650. Namba hiyo ina maana. 18 ni upana wake kwa milimita. 65 ni urefu wake kwa milimita. Ile 0 ya mwisho yaonyesha kwamba ni ya duara. Volti zake ni 3.6 au 3.7.

Sasa soma mAh. Betri bora za ukubwa huu kutoka viwanda vinavyojulikana hubeba takriban mAh 3,500. Hazifiki 5,000. Lakini kwenye minada utaona zimeandikwa 6,800, 8,800, hata 9,900. Huo ni uongo ulioandikwa waziwazi. Ni sawa na mtu akuuzie debe moja la mpunga huku akiapa kwamba ndani mna madebe matatu.

Aliyedanganya kwenye namba atakuwa mkweli kwenye ule utando wa ndani? Betri ya namna hiyo iache pale pale.

Pima pia uzito. Betri nzuri ya 18650 ina uzito wa gramu 45 hivi. Ukiinua betri ukaiona nyepesi kama ganda tupu, jua kuna jambo. Betri nyingine bandia zilipopasuliwa zilikutwa na betri ndogo ndani, na unga wa kujazia nafasi.

Betri hizi usizibebe mfukoni pamoja na sarafu au funguo. Chuma kikigusa + na - kwa pamoja, betri hupata moto papo hapo. Ganda lake la plastiki likichanika, usiitumie.

SIMU NA CHAJA

Serikali imewahi kuchukua hatua kuhusu simu bandia. Tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizifungia simu hizo zisitumike kwenye mitandao. Sababu moja ilikuwa ni usalama wa watumiaji. Unaponunua simu, bonyeza *#06#. Utaona namba yenye tarakimu 15. Ilinganishe na namba iliyoandikwa kwenye boksi. Zisipofanana, usinunue. Dai risiti pia, maana bila risiti huna pa kudaia.

Chaja nayo isomwe. Angalia imeandikwa V ngapi. Chaja nyingi za simu ni V 5. Simu usiiunge moja kwa moja na betri ya pikipiki au ya sola yenye V 12, hata kama fundi wa mtaani anasema inawezekana.

Mama anayelala na mtoto mchanga, tafadhali msikilize mwalimu wako hapa. Simu usiichaji chini ya mto, juu ya godoro, wala ndani ya nguo. Joto hukosa pa kutokea. Ichaji juu ya kitu kisichoungua, kama sakafu ya udongo au sahani ya bati, mbali na chandarua na nyasi za paa. Usiiache juani. Na ikiwezekana, chaji wakati watu wako macho.

Betri ikivimba, imekwisha. Usiibonyeze irudi ndani. Usiitoboe kwa sindano. Itoe kama inatoka kirahisi, iweke nje mbali na watoto, kisha mwone fundi.

BETRI KUBWA YA SOLA

Betri kubwa ya sola au ya gari ina V 12. Nyingi zina risasi na asidi ndani yake. Hii risasi ni yale madini mazito ya kijivu.

Kuna betri ya gari na kuna betri ya sola. Kwa nje zinafanana. Betri ya gari hutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi ili kuwasha injini. Ukiitumia kwa taa kila usiku mpaka ikauke, itakufa mapema. Betri ya sola imetengenezwa kutoa nguvu kidogo kidogo kwa saa nyingi. Muulize muuzaji akuonyeshe maandishi, asikuambie kwa mdomo tu. Hata hii ya sola usiitumie zaidi ya nusu ya nguvu yake kabla ya kuichaji, nayo itadumu.

Funga kontrola kati ya paneli na betri. Kontrola huzuia betri isijazwe kupita kiasi. Funga pia fyuzi kwenye waya wa +. Waya zikigusana, fyuzi itaungua badala ya nyumba.

Betri ya asidi ikichajiwa hutoa hewa iitwayo haidrojeni. Hewa hiyo hulipuka ikikutana na cheche. Kwa hiyo betri iwe mahali penye hewa, si chumba cha kulala. Koroboi, kiberiti na sigara viwe mbali. Anayefungua nyaya awe mwangalifu na spana. Spana ikigusa + na - kwa pamoja hutoa cheche kali.

Betri ikipungua maji, ongeza maji safi ya betri yasiyo na chumvi. Usiongeze asidi, wala maji ya kisima. Asidi usiiweke kamwe katika chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hasomi, anakunywa. Asidi ikimrukia mtu machoni au mwilini, mwoshe kwa maji mengi safi kwa dakika 20, kisha apelekwe zahanati.

BETRI NDOGO KAMA KITUFE

Saa, vikokotoo na vitu vya watoto vyenye taa na muziki hutumia betri bapa kama kitufe cha shati. Mtoto anaweza kuimeza. Ikikwama kooni huanza kuunguza nyama, na kwa saa 2 tu inaweza kuleta kidonda kikubwa. Haingoji mpaka kesho. Ukishuku mtoto amemeza, usimtapishe. Mpeleke hospitali mara moja na useme wazi, "Amemeza betri." Unaponunua kifaa cha mtoto, hakikisha kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu.

BETRI IKIISHA TUIPELEKE WAPI?

Watoto hupasua betri za tochi wapate unga mweusi. Unga huo umetumika hata kupaka ubao shuleni. Una dawa za madini zisizofaa kuvutwa puani wala kushikwa na mikono itakayokula ugali. Tafuteni rangi ya ubao.

Betri usiitupe motoni, chooni wala karibu na kisima. Weka za tochi na za lithiamu katika vyombo mbalimbali vyenye mfuniko. Ncha za betri ya lithiamu zizibe kwa gundi ya karatasi. Halafu wasilisheni pamoja suala hili kwa ofisi ya kijiji, ipangwe namna ya kuzipeleka mjini.

Betri kubwa ya asidi usiivunje kwa nyundo ili uyeyushe risasi. Mfano mzito uko kwa jirani zetu. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha risasi za betri kilianza kazi mwaka 2007, karibu kabisa na nyumba za watu. Moshi na maji yake vilileta sumu ya risasi katika damu za watoto na wakubwa. Mama mmoja aliyewahi kufanya kazi hapo, Phyllis Omido, aliongoza wananchi kudai haki. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamua wananchi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na kesi ikaendelea katika rufani. Fedha hizo ni nyingi. Lakini risasi ikishaharibu ubongo wa mtoto, fedha haziurudishi.

MOTO UKITOKEA

Ukisikia betri inatoa mlio kama wa mafuta kikaangoni, ukaona moshi au ukanusa harufu kali, watoe watu kwanza. Moshi wake ni sumu. Kama betri ndogo iko mbali na ukuta na hujakatiwa njia ya kutoka, imwagie maji mengi ukiwa mbali. Maji huipoza. Mchanga husaidia moto usisambae, lakini betri huendelea kuungua ndani kwa ndani. Kama kifaa kimeunganishwa na umeme wa nguzo, zima kwanza swichi kubwa. Ukishindwa, acha kitu, okoa mtu.

Tumezoea kusema ajali haina kinga. Ajali nyingi za betri zina kinga, nayo imeandikwa kwenye ganda la betri. Siku ya mnada, kabla ya kutoa pesa, igeuze betri. Soma jina. Soma V. Soma mAh. Soma tarehe. Muuzaji akikuharakisha, mwambie, "Ngoja kidogo, nasoma."

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. V ina maana gani? mAh ina maana gani?
2. Muuzaji anakupa betri ya 18650 iliyoandikwa mAh 9,900. Utamjibu nini?
3. Kwa nini si vizuri kuchanganya betri mpya na iliyochoka?
4. Katika nyumba yako, simu huchajiwa wapi? Je, mahali hapo ni salama?
5. Kijiji chetu kifanye nini na betri zilizokwisha?
6. Kila mwanakikundi alete betri moja kutoka nyumbani. Someni kwa sauti yote yaliyoandikwa juu yake.